Jirani yetu alimeza pipi, akafungwa Hong Kong, akarudi akabwia tena, leo anauza uji. Hasa ni nini kilichomtoa kwenye unga?

#1 Mkwezi wa Magomeni
Wakuu, salama.

Mtaani kwetu Magomeni kuna braza mmoja, umri unagonga hamsini. Jina lake la kuzaliwa tunalijua wachache, wengine wote wanamwita Hongkong. Alfajiri watu wakitoka msikitini wanamkuta keshapanga meza: sufuria la uji wa ulezi na beseni la chapati lililofunikwa kitambaa cheupe. Chapati anazihesabu mara mbili kabla hajauza hata moja. Na ukitaka nne, hakuuzii nne. Atakuuzia tatu, au atakupa tano, ile ya tano nyongeza. Nilidhani ni mbwembwe za biashara mpaka siku aliponifafanulia: kwa Kikantoni nne ni "sei", na kufa pia ni "sei", tofauti ni sauti tu inavyopanda na kushuka. Akasema, "Nimekaa na wale watu miaka. Siwezi kumfungia mtu kifo kwenye gazeti asubuhi asubuhi."

Stori yake kwa ufupi, kama alivyonisimulia kipande kipande. Alianza na kokteli kijiweni miaka ya 90, yaani bangi na unga (heroini) ndani ya sigara moja. Ulipoingia ule mweupe mwishoni mwa miaka hiyo akahamia sindano. Akawa anauza kete, vile vipakiti vya unga, ili apate zake, akala mtaji wa watu, deni likamgeuza punda wa kubeba mzigo. Safari ya kwanza Karachi kuja Dar, akapita. Ya pili Hong Kong, akapita. Ya tatu, Februari 2009, Hong Kong hiyo hiyo, akadakwa uwanjani na pipi tumboni, yaani vifurushi vya unga alivyomeza, chini kidogo ya gramu 600. Akarudi Januari 2018.

Jela yote ile, anasema, hakugusa. Kafika Dar, wiki ya pili tu kabwia. Wiki ya tatu wakamtoa chooni midomo imekuwa ya bluu. Akapona, akaendelea kubwia, akaiba mpaka mabati ya choo cha mama yake. Halafu 2019 akaacha, na mpaka leo yuko hivyo hivyo.

Swali langu: jela karibu miaka tisa haikumtoa, kuchungulia kaburi hakukumtoa. Nini kilimtoa? Na la pili, dogo: mbona safari mbili alipita na ya tatu akadakwa? Nani alimchoma?

#2 Kiroboto Mjuaji
Nimeweka kambi hapa. Uji una ndimu au hauna?

#3 Jini Kisirani
Chai hii, tena imekolea tangawizi.
Moja, teja habebeshwi mzigo. Nani atampa fisi bucha alinde? Mbili, Hong Kong ni China, na China ukikamatwa na unga ni risasi. Miaka tisa anarudi anauza chapati? Tafuta wa kuwauzia.

#4 Wakili Njaa
Jini, hilo la pili umeteleza. Hong Kong ni ya China tangu 1997 lakini mahakama zake na sheria zake za jinai ni zake. Adhabu ya kifo waliifuta 1993, na hata kabla ya hapo walikuwa hawajanyonga mtu tangu 1966. Unayoisema wewe ni China bara, Guangzhou na kwingine: kule gramu 50 za heroini kwenda juu zinatosha kukupeleka kwenye miaka 15, maisha au kifo. Mto mmoja tu unatenganisha pande hizo mbili, na kuna Waafrika walioujua umuhimu wa mto huo wakiwa wamechelewa.

Sasa tupige hesabu ya Hongkong tuone kama ni chai. Mwongozo wa mahakama zao kwa heroini: gramu 400 mpaka 600 ni miaka 15 mpaka 20. Tuseme jaji ameanzia 20 kwa sababu mzigo unakaribia 600. Amekiri mapema, theluthi inaondoka, inabaki 13 na miezi minne. Tabia nzuri gerezani, theluthi nyingine inaondoka. Inabaki miaka minane na miezi kama kumi na moja. Februari 2009 jumlisha hiyo. Januari 2018. Mleta uzi hajapika chai, labda kama ni mpishi anayejua hesabu kuliko wewe.

Angekamatwa hapa kwetu kwa sheria ya sasa, kuanzia gramu 200 za heroini ni kifungo cha maisha. Uji tungeusikia kwenye redio.

#5 Kiroboto Mjuaji
Jini kakaa kimya ghafla. Mpeni uji.

#6 Teja Mstaafu
Mimi nijibu hilo la kwanza la Jini maana nililiishi.

Ni kweli teja habebeshwi mzigo akiwa teja. Kwa hiyo wanamfanya asiwe. Kuna jamaa yangu alikuwa na deni kama la Hongkong. Alichukuliwa akafungiwa nyumba moja huko pembeni ya mji, akapigwa arosto kavu. Kama hujawahi kuiona arosto, yale mateso ya kukosa unga: mtu anatokwa jasho huku anatetemeka baridi, anahara, mifupa inauma kama inasagwa, usingizi hakuna, miayo mpaka machozi. Wiki moja na zaidi hivyo. Ikipita, wanamnenepesha. Kuku, maziwa, kinyozi, suti, viatu vya kung'aa. Mtaani tulivyomwona tulisema kaokoka. Kumbe kanenepeshwa kama mbuzi wa Iddi.

Alisafiri. Hakurudi, na mimi sijawahi kujua yuko gereza gani, au kama yuko gereza. Mama yake alikuwa akituuliza sisi.

#7 Jini Kisirani
Sawa, hilo nimelipokea. Risasi nimeziondoa. Lakini tangawizi nainusa bado.

#8 Mwana Makadara
Nduguzangu wa bara, hilo la nani alimchoma mbona li wazi? Alichomwa na mwenye mzigo. Huku Mombasa kila mtu alijua mchezo huo: watu watano sita wapandishwa ndege moja, mmoja jina lake lapelekwa mbele. Askari wakishughulika na huyo mmoja, wengine wapita. Huyo wenu alikuwa kafara. Deni lake halikuwa la kulipwa kwa pesa.

#9 Mzee Kobe
Vijana mnapenda sana habari za kuchomana. Mtu wa forodha hahitaji kuambiwa. Anatazama tiketi iliyokatwa jana kwa fedha taslimu, anatazama begi dogo la mtu anayesema anakuja kununua bidhaa, anatazama pasipoti yenye safari ya Karachi na safari fupi ya Hong Kong miezi michache nyuma. Hiyo ya tatu ilikuwa inamsubiri mezani. Safari mbili alizopita ndizo zilizomkamatisha.

#10 Teja Mstaafu
Au jasho. Mkuu Mzee Kobe, mtu aliyebwia miaka kumi akakaa wiki sita bila, halafu usiku wa safari akaonja kidogo kutuliza roho, kesho yake uwanjani anatoka jasho kwenye kiyoyozi. Hapo hata mimi ningemkamata.

#11 Mwana Makadara
Hata hivyo wakubwa nao hufikiwa, isipokuwa wachelewa. Wale ndugu wawili Akasha wa hapa kwetu, waliotamba miaka na miaka, walikamatwa 2017 wakapelekwa Marekani, mmoja akala 25, mwingine 23.

#12 Wakili Njaa
Marekebisho madogo, Mwana Makadara: walikamatwa hapo hapo Mombasa Novemba 2014. Kesi ya kuwapeleka ilizunguka mahakamani zaidi ya miaka miwili, ndipo Januari 2017 wakapandishwa ndege. Vifungo umepatia: Baktash miaka 25 mwaka 2019, Ibrahim 23 mwaka 2020. Baba yao aliuawa kwa risasi Amsterdam mwaka 2000.

#13 Mwana Makadara
Shukran. Mwaka huo huo wa 2014 ndio ile meli Al Noor ililipuliwa baharini na unga wake, rais mwenyewe atazama. Na Aprili yake manowari ya Australia ilikuwa imenasa zaidi ya tani nzima kwenye jahazi, maili chache tu kutoka pwani yetu. Tani. Halafu kuna mtu afungwa miaka tisa kwa alichobeba tumboni.

#14 Kiroboto Mjuaji
Samaki wa Mombasa mwaka ule walikuwa wanaogelea chali.

#15 Nesi wa Zamu
Naomba niwarudishe kwenye swali la kwanza kabla Kiroboto hajauharibu uzi.

Nimefanya kazi na hawa wateja. Kwanza hilo la wiki ya tatu chooni, midomo ya bluu. Mwili wa anayebwia unazoea, kila mwezi unadai kipimo kikubwa zaidi. Akikaa bila, jela au popote, mazoea yale yanashuka. Yeye kichwani anakumbuka kipimo chake cha zamani, kifua hakikikumbuki. Anapiga kile kile cha 2008, heroini inazima pumzi, basi. Wiki za kwanza baada ya kutoka gerezani ndizo za hatari kuliko zote. Sindano ya naloksoni ikiwahi, mtu anaamka hapo hapo, tena anakutukana kwa kumharibia stimu. Isipowahi, mnajua.

Pili, Mkwezi umesema aliacha 2019. Aliacha vipi? Nakisia. Kuna kitu hujakitaja.

#16 Dada Mkubwa wa Tandale
Nesi, mimi huwa nasoma tu humu siandiki.

Kaka yangu alitoka rumande Jumatano, alikuwa amekaa miezi saba. Alinona, tulifurahi. Alhamisi alikula nyumbani ugali na dagaa, akaomba kuongezewa. Ijumaa baada ya swala tukaletewa habari. Tuliambiwa ametiliwa sumu, kuna kijana aliyekuwa naye siku hiyo, tukasema ni yeye kwa sababu ya ugomvi wa zamani. Miaka sita simwamkii yule kijana. Mama yangu akimwona njiani anageuza njia.

Hapo uliposema kifua hakikumbuki nimesoma mara tatu.

#17 Nesi wa Zamu
Pole sana dada yangu. Inawezekana kabisa ilikuwa hivyo. Siwezi kusema zaidi kwa mtu nisiyempima, ila nimewaona wengi wa namna hiyo, na karibu kila mmoja familia ilimtafuta mchawi au mtu wa sumu.

#18 Mkwezi wa Magomeni
Pole Dada Mkubwa.

Nesi umepatia. Anakunywa methadoni, dawa ya wanaoacha heroini, hospitali ya Mwananyamala tangu 2019. Kila siku, Jumapili na sikukuu. Saa mbili anafunga meza, anamwachia mpwa wake sufuria, anaenda. Sikuitaja kwa sababu nilitaka nione mtasema nini.

#19 Jini Kisirani
Basi uzi umekwisha. Hajaacha. Kabadilisha muuzaji. Zamani pusha, sasa serikali. Unga wa serikali huo.

#20 Nesi wa Zamu
Jini, hilo nalisikia kila wiki, tena kutoka kwa watu wanaokunywa vidonge vya presha kila siku bila kuitwa mateja wa presha.

Methadoni inashika milango ile ile ya ubongo inayoshikwa na heroini, ila inaingia polepole, inakaa zaidi ya saa 24. Kwa hiyo arosto haiji na stimu haipandi. Anakunywa mbele ya macho yako kwenye kikombe, anaongea maneno mawili ujue kameza, anaondoka kwenda kazini. Mtu ambaye siku nzima ilikuwa ya kutafuta hela ya kete nne tano, ghafla siku yake inakuwa yake. Muhimbili walianza Februari 2011, Mwananyamala ikafuata 2012. Nimewaona watu waliokuja wameshikiliwa na ndugu huku na huku, leo wanakuja na boda zao.

Kitu kimoja Mkwezi mwulize: aliwahi kuugua TB? Wengi wao wanaugua, gerezani na vijiweni. Rifampisini, dawa ya TB, inaliamsha ini liisage methadoni haraka. Mtu dozi ni ile ile lakini saa nane mchana arosto imemfika. Daktari asipopandisha dozi mapema, anarudi kijiweni na watu wanasema "si tulisema".

#21 Mzalia Ng'ambo
Assalaam aleikum. Mie ni wa Unguja, nimetoka unga kupitia soba hausi, nyumba wanayokaa pamoja wanaoacha, mwaka wa kumi na mmoja huu bila ya kitu chochote. Bila ya methadoni pia.

Sina ugomvi na Nesi. Methadoni ipo hata kwetu, Kidongo Chekundu, tangu 2015. Lakini sisi soba hausi zetu zimeanza 2009, na njia yetu ni hatua 12: unaacha vyote, unakaa na wenzio miezi, unasema mbele ya watu uliyoyafanya, unakwenda kwa uliowadhulumu mmoja mmoja. Mie nilimwibia ami yangu mashine ya boti. Kwenda kukaa mbele yake ukumbini kwake kulinishinda mara nne, ya tano nikafika, naye hakunisamehe. Alininyamazia tu, akaniletea maji. Bado nikatoka mwepesi. Hilo kikombe hakikupi.

#22 Nesi wa Zamu
Sikatai. Ila nawe usikatae kwamba walioingia soba hausi nawe si wote mlioko leo.

#23 Mzalia Ng'ambo
Sikatai. Tulikuwa ishirini na kitu chumba chetu. Nikiwahesabu walio hai na wazima vidole vyanitosha.

#24 Abuu Hamdani
Ndugu zangu mnazunguka mbuyu. Mtu ana mama. Mkwezi katuambia kaiba mabati ya choo cha mama yake. Huyo mama alifanya nini? Alimlaani au alimwombea? Jibu liko hapo.

#25 Mkwezi wa Magomeni
Ustaadhi, mama hakumlaani. Alimpa sufuria. Hilo hilo la uji. Alimwambia, auze asubuhi, jioni alete hesabu, na asipoleta hesabu alete sufuria. Majirani tulimcheka yule mama, tukajua sufuria litafika kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla ya Ijumaa.

#26 Abuu Hamdani
Allahu akbar. Mmeona?

#27 Jini Kisirani
Ustaadhi, mama wa mateja wote wanaomba. Mama wa kaka yake Dada Mkubwa hakuomba?

#28 Abuu Hamdani
Umesema kweli. Nimekosea namna ya kuliweka. Dada yangu nisamehe.

#29 Dada Mkubwa wa Tandale
Hakuna neno, Ustaadhi.

#30 Mzee Kobe
Nilikuwa nalala, uzi umenirudisha. Kuna jambo la zamani mnaweza kulipenda. Vita vya Vietnam, askari wengi wa Marekani walibwia heroini kule, ilikuwa rahisi na safi. Mtafiti mmoja, Lee Robins, aliwafuatilia walioondoka 1971. Karibu asilimia 20 walisema walikuwa wamefungwa nayo kabisa wakiwa kule. Marekani ikaogopa, inarudishiwa jeshi la mateja. Wamerudi nyumbani, mwaka wa kwanza, katika wale waliokuwa wamefungwa nayo, ni kama asilimia 5 tu walioangukia tena uteja.

Mtu anajifunza unga mahali. Akihamishwa pale, ubongo haukumbushwi. Askari walijifunzia Vietnam wakarudi kwao. Hongkong alijifunzia Magomeni, akahamishwa Hong Kong, akawa salama miaka yote ile, halafu mkamrudisha pale pale alipojifunzia. Mlitegemea nini?

#31 Kiroboto Mjuaji
Mzee Kobe hii ndiyo komenti ya uzi. Nimeacha utani kwa dakika tatu.

#32 Jini Kisirani
Ni nzuri, ila inaua hoja yenyewe. Kama mahali ndiyo tatizo, basi 2019 aliacha vipi akiwa Magomeni hiyo hiyo?

#33 Mpangaji wa Zamani
Magomeni hiyo hiyo ipi? Mimi nilikuwa nakaa Magomeni Kota. Nyumba zote zile zilibomolewa yeye akiwa jela, na maghorofa mapya yakafunguliwa Machi 2022. Vijiwe vya nyuma ya zile nyumba, vichochoro, mwembe, vyote vilikwenda na katapila. Wenzake wa zamani wametawanyika Mbagala, Chanika, na wengi wako Kinondoni makaburini. Hakurudi mahali, alirudi kwenye jina la mahali.

#34 Mkwezi wa Magomeni
Hoja nzuri Mpangaji, lakini kijiwe hakikumzuia. Alibwia akitembea kwa miguu mpaka Kigogo. Unga hauhitaji mwembe.

#35 Teja Mstaafu
Niwape sababu ambayo hakuna aliyeitaja kwa kuwa haina utukufu. Uhaba.

Kuanzia 2017 ile kamatakamata ilivyopamba moto, mamlaka mpya ya kupambana na dawa za kulevya, mapapa wengine wakapelekwa Marekani, unga ulipotea mjini. Kete ikapanda bei, na ukiipata imechakachuliwa, unapiga na arosto iko pale pale inakuangalia. Mimi niliingia methadoni 2018 kwa sababu hiyo tu. Sikumwona Mungu, sikumkumbuka mama. Nilichoka kununua panado iliyosagwa. Foleni ya kuandikishwa siku zile ilikuwa kama ya vitambulisho. Hongkong 2019? Yumo kwenye foleni ile ile.

#36 Mzalia Ng'ambo
Na umri. Tusisahau umri. Teja wa miaka arobaini na kitu mishipa imekwisha, mbio hana, kila akipigwa na watu hainuki upesi. Wengine huacha kwa kuwa kazi ya uteja yataka kijana.

#37 Kiroboto Mjuaji
Uteja nao una umri wa kustaafu kumbe. Kiinua mgongo je?

#38 Binti Sayari
Mbona hakuna aliyetaja yule padri wa Hong Kong? Nilisoma kwamba wafungwa wa Kitanzania kule waliandika barua kuwaonya ndugu zao wasibebe unga, padri akazisambaza mtandaoni, na mapunda wakapungua. Labda Hongkong aliguswa na barua zile akaacha.

#39 Wakili Njaa
Padri ni John Wotherspoon, Mwaustralia aliyehudumia magereza ya kule. Kampeni ya barua ilianza 2013. Hongkong alikuwa ndani tangu 2009. Kama barua zile zinamhusu, basi yeye yuko upande wa waandikaji, siyo wasomaji. Mkwezi, muulize.

#40 Mkwezi wa Magomeni
Wakuu, leo nimefanya kitu. Nimemsomea uzi wote. Alikuwa anasubiri uji uchemke, kavaa miwani ya kusomea aliyoifunga waya sikioni, akaninyang'anya simu akasoma mwenyewe, polepole, anacheka peke yake.

Aliyosema, kwa mpangilio wake yeye:

Huyo wa hesabu za kifungo apewe chapati tano bure. Ila kasahau rumande ya kusubiri kesi. Nikamwambia siku za rumande zinahesabiwa humo humo. Akasema anajua, lakini zilikuwa ndefu kuliko zote, na zinastahili kutajwa.

TB ni kweli, 2020. Alikuwa anatoka jasho sokoni mchana akadhani ndiyo yanarudi yale. Alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea Kigogo, akakutana na mtoa huduma wa kliniki njiani kwa bahati tu, wakarudi wote, dozi ikapandishwa.

Barua ameandika. Mbili. Hajui kama kuna aliyezisoma. Mpwa wake alimwonyesha moja kwenye simu miaka ya nyuma, akaona wameirekebisha tahajia.

Jela alikuwa kila asubuhi anasimama kando ya kitanda anahesabiwa, ndiyo maana chapati. Hilo sikumuuliza, alilisema mwenyewe.

Nani alimchoma? Hapo alichukua mwiko akakoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. Baadaye akasema, "Huyo wa jasho ana akili." Sikuelewa kama ndilo jibu au anambeza. Kisha akaongeza kwamba aliyempa mzigo alikufa, na deni halijawahi kufutwa rasmi.

Swali lenyewe. Nikamwuliza, nini kilikutoa? Akanisimulia hivi: baada ya kuuza yale mabati, mvua za masika zikaingia. Siku moja asubuhi amelala ukumbini, anamwona mama yake anafungua mlango wa nyuma na mwavuli. Anakwenda chooni na mwavuli. Anatoka chooni na mwavuli. Mama hakusema kitu. Ule mwavuli ulikuwa umevunjika ubavu mmoja, unaning'inia.

Nikasema, basi ndilo hilo lililokutoa.

Akasema, "Hapana. Nilibwia miezi minne baada ya hapo. Mwavuli wenyewe nikauuza."

#41 Jini Kisirani
Nimefuta neno chai.

#42 Abuu Hamdani
Miezi minne si kitu. Mbegu hailali siku moja.

#43 Teja Mstaafu
Miezi minne mpaka masika yanaisha, unga nao umepungua tena mjini. Nasimamia uhaba.

#44 Mzee Kobe
Na sufuria alipewa lini? Kabla ya mwavuli au baada ya kikombe?

#45 Mkwezi wa Magomeni
Mama anasema kabla. Yeye anasema baada. Wameshagombana mbele yangu.

#46 Mama Wawili
Samahani wakuu nimechelewa. Mdogo wangu yuko Kinondoni na hali yake ni hiyo hiyo, ameanza kusema mwenyewe kwamba amechoka. Nikimpeleka leo atapewa hiyo dawa leo?

#47 Nesi wa Zamu
Si siku hiyo hiyo, dada. Watamhoji, watampima, atahudhuria siku kadhaa kwanza, na dozi inaanzia chini inapanda taratibu. Hapo katikati ndipo wengi wanakimbia, kwa hiyo mtu wa kumsindikiza ni muhimu. Asiwe ametoka kubwia asubuhi hiyo akawaficha. Njoo inboksi nikuelekeze pa kuanzia.

#48 Dada Mkubwa wa Tandale
Mama Wawili, kama huna wa kumsindikiza asubuhi niambie. Tandale na Mwananyamala si mbali.

#49 Kiroboto Mjuaji
Mkwezi, kesho nipo Magomeni na wenzangu. Nne hauzi, tumeelewa. Nikitaka nane je?

#50 Mkwezi wa Magomeni
Nane anauza, kwao nane ni bahati. Wahi kabla ya saa mbili, akifunga anaenda zake dirishani kunywa methadoni. Na ndimu ipo.